Tableti ya Mama Mkwe

Mume wangu Karanja hupima vitu kwa mikono. Mteja akija dukani kwetu hapa Kibwezi akauliza kama simu fulani ni nzuri, Karanja haanzi na bei kama wenzake wa barabarani. Huinua mkono wa kulia, kiganja juu, akataja uzuri wa simu hiyo, kisha huinua wa kushoto akataja ubaya wake bila kuficha. Mkono wa kushoto ukilemewa, anakwambia usinunue. Kwa tabia hiyo tumepoteza wateja wengi, na tumepata wengine ambao hawanunui kwa mtu mwingine. Mimi humtania kwamba hata mimi alinipima hivyo kabla ya kunioa, ila hajawahi kuniambia mkono wa kushoto ulisema nini.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kambu akitaka tableti ndogo, ile ya inchi saba, ampelekee mama yake mzazi. Karanja akainua mkono wa kulia.

"Hii ni nyepesi," akasema. "Mtu mzee anaishika bila kuchoka. Maandishi unafanya makubwa vile unataka. Spika iko na sauti, hata kama masikio yameanza kukataa atasikia."

Akainua wa kushoto. Mikono yote miwili ikabaki hewani huku mteja akingoja. Mwishowe aliishusha, akaniambia, "Mama Wamaitha, malizana na mteja," akatoka nje akasimama kuangalia malori yanayoteremka Mombasa.

Nilimalizia mimi. Nilimwambia yule mama kwamba chaji inachelewa kuingia, kwamba kwenye jua huoni kitu, na kwamba ikianguka kwenye sementi usiisumbukie tena. Yote hayo ni kweli. Lakini nilijua si hapo Karanja alipokwama.

Mama yangu aliitwa Kasiva. Alikaa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, katika boma lile lile aliloolewa akiwa msichana, pamoja na kaka yangu Nzioka na mke wake Wavinya. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji, na hakuwa na subira na waganga wala ramli. Lakini kuna jambo moja la zamani ambalo pasta alilipinga mahubirini mpaka akachoka, na mama hakuliacha. Hilo lilikuwa uthoni. Kwa Kikamba, neno la ukwe na neno la kuona haya yametoka tumbo moja. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Si kwamba wamegombana, wala hawachukiani. Wanaheshimiana kwa kutoonana, basi. Siku hizi wengi wameacha, na utawaona wakipiga picha pamoja kwenye harusi wakiwa wamekumbatiana. Mama alikuwa akizitazama picha hizo kama mtu aliyeonyeshwa watu wakioga.

Siku Karanja alipokuja kwetu mara ya kwanza na wazee wake kutoka Murang'a, mama alikaa jikoni hadi wageni walipoondoka. Siku ya harusi alijifunika leso kichwani akakaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Nilikasirika sana. Nilimwambia mume wangu asimjali, ni ushamba. Karanja ndiye aliyenituliza. Alisema kila nyumba ina mlango wake, na mtu akikuonyesha mlango ni pa kuingilia, sio pa kubishana.

Na kweli alipata pa kuingilia, ingawa hakuingia. Jiko la mama lilikuwa la matofali ya udongo, na upande wa nyuma, chini ya paa, palikuwa na kivuli. Tulipokwenda Ikutha, Karanja aliketi pale kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa, mgongo wake ukiegemea ukuta. Mama alikaa ndani karibu na moto, mgongo wake ukielekea ukuta huo huo. Wakaanza kuongea. Mwanzo ilikuwa habari za mvua na ndengu. Karanja hajui Kikamba zaidi ya salamu na neno "mwaitu," yaani mama, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza, lakini walielewana. Mama alikuwa na njia yake: ukisema jambo likamfika, aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, mara moja. Hiyo ilikuwa ndiyo ya kuonyesha kwamba amesikia na ameliweka.

Karanja alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana hata hakumbuki sura yake. Mimi nilijua hivyo tu, kwa sababu mimi aliniambia hivyo tu. Ule ukuta aliuambia mengi zaidi. Siku moja nilikuwa nikisonga ugali nikamsikia akisema, kutoka nje, kwamba tangu utotoni hakuwahi kumwita mtu mama mpaka alipofika Ikutha. Mwiko ukagonga sufuria. Mama aliinama akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Nitasema ukweli, niliona wivu. Mimi nilikuwa mke wake na sikuwa nimeambiwa.

Tableti ilikuja wakati magoti ya mama yalipoanza kuvimba. Hakuweza tena kusafiri, na mjukuu wake Wamaitha alikuwa ameingia shule ya bweni, kwa hiyo tulikuwa tukienda Ikutha mara chache. Ile simu yake ya vitufe ilikuwa imefutika namba. Karanja alipima wiki nzima. Simu ya kisasa ilikuwa ndogo kwa macho yake. Tableti kubwa ilikuwa nzito, na angeiegemeza wapi? Hii ya inchi saba ingekaa vizuri kwenye mkono mmoja. Mkono wa kulia ulijaa. Kwa wa kushoto alitaja kamera ambayo jioni inafifia, na betri.

"Na uthoni?" nikamuuliza.

"Mimi nitampigia kwa sauti tu. Video ni yenu."

"Yeye anajua kutofautisha?"

"Utamfunza."

Nilimfunza. Lakini alama ya sauti na alama ya video zimekaa pamoja kama mapacha, na vidole vya mama vilikuwa vimenenepa kwa kazi. Kila alipotaka kupiga alibonyeza ya video. Basi tukaweka sheria nyumbani: akipiga mama, anayeshika ni mimi peke yangu. Na kwa kweli tulifurahi. Mama aliita ile tableti "kioo." Aliiegemeza kwenye kopo la chumvi, akanionyesha mbuzi wake mmoja mmoja, akaniimbia, akanigombeza kwa kukonda. Karanja alikuwa akisimama nyuma ya simu yangu, pembeni, mahali asipoonekana, akitabasamu kwa sauti zile. Nilifikiri hakuna zawadi bora ambayo mtu angempa mama yangu.

Jumapili moja nilibaki kanisani kwa mkutano wa akina mama, na simu nilikuwa nimeiacha nyumbani ikichajiwa. Mama akapiga. Karanja aliiacha iite. Ikaita tena. Ikaita tena. Alijua magoti yalikuwa yamezidi wiki hiyo, na mtu akipiga hivyo bila kukoma unawaza mabaya. Akaamua kushika. Ili asionekane, aliipeleka haraka sikioni kama mtu anayepokea simu ya kawaida.

Kwa hiyo kule Ikutha mama alichoona ni sikio, limejaa kioo kizima. Alifikiri ni langu. Akaanza kucheka.

"Muthoki, unanionyesha sikio nilifanyie nini?"

Alisema kwa Kikamba. Karanja alisikia kicheko tu, tena kwa mbali, kwa sababu sauti ilikuwa imepunguzwa. Akaishusha simu aiongeze. Hapo ndipo walipoonana.

Mama alikuwa ameloweka miguu ndani ya karai. Alitaka nione uvimbe. Kichwa hakikuwa na kitambaa. Leso ilikuwa imeteleza begani. Alikuwa angali anacheka, na meno ya mbele hayakuwepo. Karanja aliniambia baadaye kwamba hakukumbuka kubonyeza chochote. Alisema, "Anafanana na wewe ukicheka." Walitazamana hivyo mpaka kicheko kikaisha usoni mwa mama, kisha kioo kikapinduliwa, kukawa giza.

Jioni hiyo mama alinipigia kwa simu ya Wavinya, sauti chini.

"Baba Wamaitha ameniona," akasema.

"Mwaitu, ilikuwa bahati mbaya."

"Najua. Wewe mwambie tu."

Hakuhitaji kusema nimwambie nini. Upande wetu, jambo kama hilo likitokea lina dawa yake, na wala si kubwa. Mume wa binti anakuja na blanketi. Anasimama nje, anasema, "Nilikuona," analipitisha mlangoni. Mama mkwe analipokea, anajifunika, na aibu imefunikwa pamoja naye. Halafu anamchinjia, wanakula, yeye ndani na huyu nje, mambo yanaendelea kama kawaida. Lakini lazima aje mwenyewe, na lazima aseme lile neno. Blanketi likiletwa na mwingine linakuwa blanketi tu.

Nilimweleza Karanja yote hayo. Akainua mikono.

"Nikipeleka blanketi," akasema, akautazama mkono wa kushoto, "nitakuwa nimemwambia nilimwona vile alikuwa. Bila kitambaa. Bila nini. Atabeba hiyo aibu mpaka mwisho. Lakini nikisema sikuona," akautazama wa kulia, "si imeisha?"

"Anajua ulimwona."

"Anafikiri nilimwona. Network yetu unaijua. Angalau asiwe na hakika."

"Karanja, huyu si mteja."

Hakunisikia. Alikuwa amepima, na Karanja akishapima, kumtoa hapo ni kazi bure. Tena alipima kwa mapenzi, hilo silikatai. Alitaka kumwondolea mama mkwe wake aibu yote, asibaki hata na chembe.

Tulipokwenda Ikutha alikaa kwenye mtungi wake nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa ndani, nachambua ndengu. Mama alikuwa amejifunga kitambaa kipya, na alikuwa ameketi mahali pake. Nilimwona amevuta sufuria karibu. Alikuwa akingoja.

"Mwaitu," Karanja akasema kutoka nje. "Ile siku ulipiga, mimi sikuona kitu. Network ilikuwa chini kabisa. Screen ilikuwa nyeusi tu."

Mama alishika mwiko. Hakuugonga.

"Hukuona?"

"Sikuona, Mwaitu."

Nilitaka kutoka nje nimshike mume wangu shati nimwambie aseme tena, aseme vingine. Lakini binti hasemi katika neno hilo. Ni la wale wawili.

"Haya," mama akasema. "Kama hukuona, ni sawa."

Akauweka mwiko chini.

Njiani kurudi, tukivuka daraja la Athi, Karanja alikuwa anapiga mluzi. Nilimwambia amemfungia mama mlango. Akaniuliza vipi, na mama mwenyewe amesema ni sawa. Nikamweleza: mama hawezi kudai blanketi kwa mtu anayesema hakuona. Akidai, inakuwa yeye ndiye anayetangaza kwamba alionekana. Na mtu aliyeonekana na hajafunikwa hawezi kukaa tena mgongo kwa mgongo na aliyemwona, akijifanya ukuta ungalipo. Karanja aliacha mluzi, lakini alisema nakuza mambo.

Baada ya hapo, kila tulipofika, mama alikuwa amelala, au ameenda kwa jirani akiegemea fimbo yake, na magoti yale. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ulipikwa na kutolewa nje, lakini na Wavinya. Karanja alikaa kwenye mtungi wake. Alisema "Mwaitu" mara moja, mara mbili, akasikiliza. Kisha akaamka akaenda kumsaidia Nzioka na ng'ombe. Tableti ilikuwa imefungwa ndani ya leso, juu ya kabati, uso ukielekea chini. Mama aliongea nami kwa simu ya Wavinya, na katika mazungumzo yote alimtumia mume wangu salamu kwa adabu, kama unavyomsalimia chifu.

"Mpelekee blanketi," nikamwambia Karanja tena, kabla ya mvua.

"Sasa nitasemaje? Kwamba nilidanganya?"

"Ndiyo. Sema hivyo."

"Wacha nitafute maneno."

Alinunua blanketi. Nalijua, lilikuwa jekundu, zito, la mistari, na alilificha kwenye stoo nyuma ya masanduku ya chaja akidhani sijui. Likakaa hapo akitafuta maneno. Mvua ikaja, biashara ikapanda, kisha ikashuka. Kila safari alisema hajawa tayari. Nilimkasirikia, halafu nikamhurumia, halafu nikachoka. Ningekuwa nimelichukua lile blanketi nikalitupa ndani ya gari pamoja naye, leo ningekuwa nasimulia kisa kingine.

Mama alifariki kabla ya mavuno. Ilikuwa presha, ikamwangusha akitoka kulisha kuku, na alipofikishwa hospitalini alikuwa ameshakata roho.

Siku ya mazishi watu walipanga foleni kumtazama. Karanja hakujiunga. Alibaki nyuma na blanketi lake mkononi, limekunjwa, kama mtu aliyekosea sherehe. Wengine walidhani ni desturi ya Wakikuyu. Mchungaji aliomba, nyimbo zikaimbwa zile mama alizozipenda, tukamzika. Yeye na uso wa mama walikutana mara moja tu maishani, kwenye kioo cha inchi saba, na hakutaka mara ya pili iwe hivi.

Baadaye watu waliketi kula. Wavinya alikuwa anapakua, na Wavinya ni mtu asiyejua kuzungusha maneno. Alipofika kwa Karanja alimwekea nyama nyingi kuliko wengine.

"Hii ni ile mbuzi yako," akamwambia.

"Mbuzi yangu gani?"

"Hukuambiwa? Ile dume nyeupe. Mwaitu aliitenga tangu ile siku ya video. Alisema ni ya kukuchinjia ukileta blanketi. Wakati wa kiangazi Nzioka alitaka kuiuza, akakataa. Alisema baba Wamaitha atakuja tu, ni mtu wa kufikiria polepole." Alitazama blanketi lililokuwa magotini mwa Karanja, na nafikiri hapo ndipo alipoelewa anachosema. "Si ungekula kidogo," akamalizia kwa upole.

Karanja aliitazama sahani. Aliiweka chini bila kuigusa, akainuka akaenda nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa jikoni natafuta vikombe. Sikumwona, lakini nilisikia mtungi ukisogezwa na mgongo wake ukigusa ukuta. Bila kuwaza nikaketi kwenye kigoda cha mama. Moto ulikuwa umezimika. Sufuria yake ilikuwa pale pale.

"Mwaitu," akasema.

Kelele za watu zilikuwa mbele ya nyumba. Huku nyuma palikuwa kimya kabisa.

"Mwaitu, nilikuona. Network ilikuwa nzuri. Nilikuona vizuri kabisa, na nikakudanganya. Nimeleta blanketi." Nilimsikia akilikunjua. "Ulikuwa unacheka. Mimi sijui mama yangu alicheka vipi, sikumbuki. Wako nitakumbuka."

Blanketi likaja polepole, likisukumwa kwenye tundu dogo la kutolea moshi, kipande kwa kipande, jekundu, la mistari, mpaka likaanguka sakafuni karibu na majivu. Akangoja. Nilijua anangoja nini.

Mwiko ulikuwa karibu na mkono wangu. Niliugusa. Lakini si mimi niliyeambiwa yale maneno, na si mimi wa kuyapokea, kwa hiyo niliuacha pale ulipokuwa. Nilikaa mgongo kwa ukuta, na yeye akakaa mgongo kwa ukuta upande wa pili, hadi Wavinya alipokuja kuuliza vikombe viko wapi.